Fomu ya mahakama kwa deni la kadi la mwaka 2016: usiitupe, usikae kimya (uzi mrefu, Uingereza)

Mpangani_Reading

Ndugu zangu, salaam. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko msemaji, lakini ndani ya mwezi mmoja nimepigiwa simu na watu wawili wa kwetu, mmoja yuko Slough, mwingine Milton Keynes. Wote wameletewa fomu ya madai kutoka kituo cha mahakama cha Northampton, kwa madeni ya kadi za benki ya miaka ya nyuma kabisa. Yule wa Slough alikuwa ameshaitupa kwenye pipa la karatasi akidhani ni barua nyingine ya wale wanaodai kila siku. Imeniuma, maana nilikaribia kufanya vilevile. Ndiyo maana naandika yangu yote, ndefu kama ilivyo.

Yangu ilikuja Februari 2024. Nimetoka shifti ya usiku, nikaikuta mlangoni katikati ya vipeperushi vya pizza. Nikaiweka juu ya maikrowevu bila kuifungua. Kwa miaka nane nilishazoea barua: kampuni ya kununua madeni, kisha kampuni nyingine, kisha mawakili, kila moja na maandishi yake mekundu. Ikakaa pale siku tisa. Mke wangu ndiye aliyeifungua akitafuta bili ya maji, akaja kuniamsha. Kidole chake kilikuwa juu ya muhuri. Akaniambia, "Baba Zu, amka. Hii si ya wale. Hii ya korti."

Kwenye ukurasa wa kwanza pana namba ya kesi na tarehe ya kutolewa: 6 Februari 2024. Ishikeni hiyo tarehe, kwa sababu hesabu yote inaanzia pale, haianzii siku uliyofungua bahasha. Mahakama inachukulia kwamba umeipata siku ya tano baada ya kutolewa. Hapo una siku 14 za kujibu. Ukituma taarifa kwamba umepokea madai na utajitetea, siku 14 zinakuwa 28. Kwangu: 11 Februari nimehesabiwa nimepokea, 25 Februari mwisho wa kujibu, na baada ya kutuma taarifa ikasogea hadi 10 Machi. Ukikaa kimya hadi siku zikiisha, mdai anaomba hukumu na anapewa bila wewe kusikilizwa. Hakuna hakimu atakayekaa kujiuliza kama deni lilikuwa la kweli au limepitwa na wakati. Linapigwa muhuri, limekwisha.

Sasa deni lenyewe. Kadi niliichukua 2011, kikomo paundi 1,500, baadaye benki ikapandisha hadi 3,000. Nililipa vizuri miaka minne. Januari 2016 mzee wangu akafariki Pangani. Tiketi, sanda, chakula cha matanga, vyote vilipita kwenye ile kadi. Niliporudi, wakala niliyekuwa nafanyia kazi ya kulea wazee akanipunguzia shifti kutoka tano hadi mbili kwa wiki. Malipo yangu ya mwisho yalikuwa Februari 2016, paundi 40. Baada ya hapo sikuweza. Mwaka uliofuata benki ikaliuza deni. Mnunuzi ndiye aliyenipeleka mahakamani, akitaka paundi 3,412, riba juu yake, na ada ya mahakama paundi 205.

Nilifanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, siku ileile, niliingia kwenye tovuti ya madai ya mahakama kwa namba ya kesi na nenosiri lililochapwa kwenye fomu, nikatia alama kwamba nitajitetea kwa dai lote. Sehemu ya utetezi sikuandika kitu. Ukiandika hata mstari mmoja pale kwa haraka na kuutuma, huo ndio utetezi wako. Pili, nikawaandikia mawakili wa mdai wanipe nakala za karatasi walizozitaja kwenye dai: mkataba, notisi ya benki kwamba nimekiuka mkataba kwa kutolipa, na barua ya kuhamishwa kwa deni. Tatu, nikaiandikia benki ya awali initumie taarifa zangu zote walizonazo. Hiyo ni haki yako chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi, hulipi kitu, na wana mwezi mmoja.

Ile ya tatu ndiyo iliyoniokoa, maana ilionyesha miaka ya kunishtaki ilishapita. Ngoja nilale kidogo, nitaendelea.

Mzee_wa_Tandika

Kijana, pole kwa msiba wa mzee hata kama ni wa zamani. Lakini nikuulize kwa nia njema. Pesa ulikopa, ukala, ukasafiria. Dawa ya deni ni kulipa. Hii ya kutafuta miaka imepita mbona naiona kama kujificha nyuma ya kalenda? Kwetu maiti haitoki ndani mpaka wanafamilia waulize nani anamdai marehemu.

Mpangani_Reading

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki na nililiuliza mwenyewe kabla yako.

Siku ya maziko ya baba yangu kaka yangu mkubwa alisimama akauliza swali hilohilo mbele ya watu, na mwenye duka akainua mkono akasema shilingi elfu kumi na nane za sukari na mafuta. Tulilipa pale pale kabla jeneza halijanyanyuliwa. Kwa hiyo najua deni ni nini. Mwenye duka alikuwa anamjua baba, anajua alichompa, na alitaja hesabu ambayo kila mtu angeweza kuikagua.

Huyu aliyenipeleka mahakamani hakunipa hata senti. Alinunua orodha ya majina. Benki niliyokopa niliipigia simu mara tatu mwaka 2016 nikiomba kulipa paundi 20 kwa mwezi, wakakataa, wakaongeza ada ya kuchelewa na riba kila mwezi. Ninapotakiwa kumlipa mtu mwingine, miaka minane baadaye, hesabu ambayo hawezi kunionyesha ilivyofika hapo, nadhani nina haki ya kusema: thibitisha, tena ndani ya muda ambao sheria imekupa. Sheria imempa miaka sita. Si michache.

Na kuna jambo nililojifunza ambalo nadhani litakupendeza. Kwa England na Wales, muda ukipita deni halifi. Kinachofungwa ni mlango wa mahakama. Deni lenyewe linabaki kati yako na nafsi yako, na ukitaka kulipa hakuna anayekukataza. Kwa hiyo sheria haijaniambia sidaiwi. Imemwambia mdai amechelewa.

Mzee_wa_Tandika

Marahaba. Hapo kwa mwenye duka umenigusa. Endelea, nasoma.

MamaHalima_Leicester

Kaka, nakuomba usisitize hilo la kukaa kimya, maana mimi lilinipata. Mwaka 2018 tulihama nyumba. Fomu ya mahakama ilienda anwani ya zamani, na sheria inaruhusu kutuma kwenye anwani ya mwisho waliyoijua. Sikuiona. Nikajua nina CCJ, yaani hukumu ya mahakama ya kaunti, mwaka 2021, siku tuliyoomba mkopo wa nyumba na mume wangu. Yule mama wa benki aligeuza skrini akatuonyesha: hukumu ya mahakama, paundi 1,900, ya mwaka 2019. Sikuwa nimewahi hata kusikia namba ile ya kesi.

Kwa wasiojua: hukumu ya namna hii inakaa kwenye rejista ya umma miaka sita. Ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja tangu itolewe inafutwa kabisa. Ukilipa baadaye inaandikwa tu kwamba imelipwa, lakini inabaki inaonekana.

Niliomba hukumu itenguliwe kwa fomu N244. Ada si ndogo, sasa hivi inazidi paundi 300, ingawa mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Unatakiwa uonyeshe mambo mawili: una utetezi wenye uzito, na umekwenda haraka baada ya kujua. Mimi nilipeleka ombi ndani ya siku kumi, na mkataba wa nyumba mpya kama ushahidi wa tarehe ya kuhama. Ilitenguliwa. Lakini ile nyumba tuliyotaka ilishakwenda.

Wapendwa, mkihama waandikieni wote mnaodaiwa nao anwani mpya, hata kama hamtaki kusikia habari zao.

Karani_wa_Jioni

Mimi najitolea jioni mbili kwa wiki kwenye ofisi ya ushauri wa madeni hapa London, si wakili. Nawaongezea vitu ambavyo watu hukosea kila siku.

Miaka sita inaanza kuhesabiwa lini? Wengi humu watakwambia ni tangu malipo ya mwisho. Kwa kadi ya benki inayosimamiwa na sheria ya mikopo ya 1974, si lazima iwe hivyo. Mahakama ya Rufani iliamua Januari 2019, kesi ya PRA Group dhidi ya Doyle, kwamba saa inaanza kugonga baada ya muda uliotolewa kwenye notisi ya kukiuka mkataba kuisha. Notisi hiyo inaweza kuja miezi mingi baada ya malipo ya mwisho. Nimeona watu wakijitetea kwa tarehe ya malipo ya mwisho, wakapoteza kwa tofauti ya miezi minne. Itafute notisi. Tarehe yake ndiyo kesi yako.

Saa inaweza kurudi mwanzo. Ukilipa hata paundi moja kabla miaka sita haijaisha, au ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, unaanza upya miaka sita mingine. Mazungumzo ya simu peke yake hayarudishi saa, ila wakikubembeleza ulipe "kidogo tu kuonyesha nia njema" na ukatoa namba ya kadi yako, umeirudisha kwa mkono wako. Lakini kama miaka sita ilishakamilika, malipo ya baadaye hayaifufui haki yao ya kushtaki.

Halafu kuna ombi la nakala ya mkataba chini ya kifungu cha 78 cha sheria hiyohiyo ya 1974. Unalituma kwa mdai na paundi moja. Wasipoleta ndani ya siku 12 za kazi, hawawezi kulazimisha deni mahakamani mpaka walete. Msidanganywe na mtu anayesema lazima walete karatasi yenye sahihi yako ya asili. Tangu uamuzi wa Carey dhidi ya HSBC wa 2009, nakala iliyoundwa upya kwa uaminifu inatosha kwa ombi hilo.

La mwisho, na nalisema kwa uzito. Utetezi una sehemu unayothibitisha kwamba unayoyasema ni kweli. Kudanganya pale ni kosa dhidi ya mahakama. Kama deni ni lako, ni halali na muda haujapita, usitunge hadithi. Jaza fomu ya kukiri, weka mapato na matumizi yako, omba kulipa kidogokidogo. Huko nako usaidizi wa bure upo: National Debtline, StepChange, Citizens Advice. Usimlipe mtu yeyote akuandikie.

Mpangani_Reading

Asante sana Karani. Maneno yako ndiyo kesi yangu ilivyokwenda.

Bahasha kutoka benki ilifika 4 Machi, nzito kama msahafu. Niliimwaga mezani, tukagawana na mke wangu, yeye taarifa za akaunti, mimi barua. Saa tano usiku akainua karatasi moja. Notisi ya kukiuka mkataba, 11 Julai 2016, ikinipa hadi 28 Julai. Tulihesabu kwa vidole kama watoto. Julai 2016 kwenda Julai 2022 ni sita. Wao wamefungua kesi Februari 2024. Wamechelewa mwaka mmoja na nusu.

Nikaandika utetezi mfupi, aya tano. Nilikubali kwamba niliwahi kuwa na kadi hiyo. Nikasema haki ya kushtaki ilianza mwisho wa Julai 2016, kwamba sijalipa wala kukiri deni kwa maandishi tangu Februari 2016, na kwamba dai limezuiwa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ukomo ya 1980, ile inayoweka mwisho wa muda wa kushtaki. Nikaongeza kwamba mdai athibitishe kiasi chenyewe na jinsi deni lilivyofika kwake. Nikatuma 7 Machi.

Nataka hili lieleweke kuliko yote: mahakama haiinui hoja ya ukomo kwa niaba yako. Hata kama deni lina miaka ishirini, usiposema, kwa mahakama ni deni la jana. Ukishasema, mzigo unamgeukia mdai aonyeshe kwamba yuko ndani ya muda.

Nao wakajaribu. Aprili mawakili wao wakaniletea barua: "Kumbukumbu za mteja wetu zinaonyesha malipo ya paundi 10 tarehe 14 Oktoba 2019." Paundi kumi. Kama ni kweli, saa imerudi mwanzo na wana hadi Oktoba 2025. Nilikaa kitandani nimeishika ile karatasi, nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda nililipa nikasahau? Labda mke wangu alilipa kuninusuru? Nilimuuliza, akaapa hapana, na akalia, kwa sababu alidhani simwamini. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Mstari mmoja kwenye kompyuta ya mtu uliingia nyumbani mwangu na kutuweka mimi na mke wangu pande mbili za meza.

Nikapakua taarifa zangu za benki za Oktoba 2019, ukurasa kwa ukurasa, na za mke wangu pia. Tarehe 14: basi, Lidl, paundi 60 kwenda kwa mama Pangani. Hakuna paundi kumi. Nikawaandikia: malipo haya yalitoka akaunti gani, kwa njia gani, kwa jina la nani? Niliwatumia zile kurasa. Malipo yanahesabika tu kama yamefanywa na mdaiwa au mtu aliyetumwa naye, si kama yameandikwa tu kwenye daftari la mdai.

Hawakujibu. Nikaandika tena Juni. Hawakujibu. Kesi ikahamishiwa mahakama ya hapa Reading, ikapangwa kusikilizwa Novemba kwenye madai madogo.

Otieno_Umoja

Nimesoma yote, asante ndugu. Nauliza tu, sisi huku Kenya je? Mimi nina deni la kadi la 2015 na wakala wa kukusanya madeni ananipigia kila wiki, hata kazini.

Karani_wa_Jioni

Ndugu Otieno, Kenya na Tanzania zilirithi mfumo huohuo kwa sehemu kubwa. Kwenu ni Sheria ya Ukomo wa Kesi, Sura ya 22: madai ya mkataba ni miaka sita, na kwenu pia malipo au kukiri kwa maandishi kunaanzisha muda upya. Tanzania Bara ni Sura ya 89, nayo ni miaka sita kwa mkataba. Ila angalia sana kama ulisaini makubaliano yoyote mapya ya kulipa na yule wakala, na kama benki ilishapata hukumu bila wewe kujua, maana hukumu ina muda wake mwingine mrefu zaidi. Huko kwenu Kenya, dai likiwa chini ya shilingi milioni moja huenda likaletwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, na kule mambo yanakwenda mbio, kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Usingoje wito ndipo uanze kutafuta karatasi.

BintiTanga_Glasgow

Kwa tulio Scotland: huku ni miaka mitano, na deni lenyewe linakufa kabisa, si mlango wa korti tu. Lakini ukihama kuja huku na deni la England, usidhani limehama nawe. Tafuta ushauri kuhusu sheria gani inatawala mkataba wako.

Mpangani_Reading

Namalizia. Kabla ya kesi kusikilizwa mdai anatakiwa kulipa ada ya usikilizwaji kwa tarehe iliyopangwa. Asipolipa, dai linafutwa. Wiki ile ya ada, Oktoba, nilikuwa narudi kazini nikakuta bahasha nyembamba. Ndani karatasi moja: mdai ameacha dai lote. Basi. Hawakueleza kuhusu zile paundi kumi. Hawakuomba radhi.

Nilimpa mke wangu aisome. Akaikunja akaiweka kwenye mkoba wa pasi za kusafiria na vyeti vya watoto, na iko humo mpaka sasa. Halafu akaniambia zile shilingi elfu kumi na nane za mwenye duka zilikuwa deni zuri.

Na kwa wenye kesi mpya: kwa madai ya pesa yaliyofunguliwa tangu 22 Mei 2024 kwenye madai madogo, kuna usuluhishi wa lazima kwa simu, saa moja, bila malipo. Mimi sikuupitia. Uhudhurie, na usikubali kiasi chochote kwa hofu kama una utetezi wa ukomo.

Mgeni_Slough

Kaka, mimi ndiye yule wa pipa la karatasi. Nimelitafuta, bahati pipa lilikuwa halijachukuliwa, fomu ninayo, ina doa la chai ila namba zinasomeka. Imetolewa siku 16 zilizopita. Nimechelewa?

Karani_wa_Jioni

Hujachelewa. Siku tano za kufika, 14 za kujibu, jumla 19. Una siku tatu. Tuma taarifa ya kupokea leo, na iwe kabla ya saa kumi jioni, maana ikipita hapo inahesabiwa imefika siku ya kazi inayofuata. Alama kwenye kujitetea kwa dai lote. Utetezi usiandike kitu bado. Kesho andikia benki.

Mgeni_Slough

Nimetuma saa nane na dakika ishirini. Imeandika imepokelewa. Nimepiga picha.

Mpangani_Reading

Alhamdulillah. Nitumie ile fomu ujumbe wa faragha, ficha jina. Jumamosi sina shifti, tutaiangalia pamoja.